Bunduki ya baba ipo uvunguni: mwizi akiingia kihambani nimpige?

*Swali:* Shikamoo wakili. Nina miaka 34, nyumbani ni Kibosho, kazi nafanyia Arusha. Baba alifariki mwaka jana akaacha shotigani ya mitutu miwili, kitabu chake cha leseni, na risasi tisa ndani ya kopo la Blue Band. Vyote viko uvunguni mwa kitanda cha mama. Desemba tulipokutana ukoo mzima pakazuka ubishi mkubwa. Kaka anasema mwizi akishakanyaga kihamba chako (shamba la migomba linalozunguka nyumba) unampiga, na akifia nje unamvuta ndani mambo yaishe. Shemeji, ambaye anashinda mtandaoni akifuatilia habari za silaha, anasema sisi tunaonewa, Marekani kila mtu ana haki ya bunduki yake. Mwezi uliopita jirani kaibiwa mbuzi wawili, na sasa mama hataki kusikia habari ya kuiondoa bunduki. Nani yuko sahihi?

*Jibu:* Marahaba mdogo wangu, na poleni kwa kumpoteza mzee. Ubishi wenu naujua, maana nimeusikia miaka mingi kwenye korido za mahakama Moshi na Arusha, na mara nyingi zaidi kwenye meza za nyama choma Sakina. Kabla ya kufika kwa mwizi, nina wasiwasi na mama yako.

Kile kitabu kilikuwa cha baba. Leseni ya silaha hupewa mtu kwa jina lake, kwa silaha ile yenye namba ile, kwa sababu aliyoieleza yeye. Akifariki, ruhusa imeondoka naye. Shotigani haiingii kwenye kikao cha ukoo ikagawiwa pamoja na migomba na ng'ombe. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, familia inatakiwa kuikabidhi polisi, na mrithi anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe kuanzia mwanzo. Ninyi mmekaa nayo tangu mwaka jana. Kwa macho ya sheria, anayelala juu ya silaha isiyo na leseni kila usiku ni mama.

Kosa hilo si dogo. Kumiliki silaha bila leseni kumo kwenye Jedwali la Kwanza la Sheria ya Uhujumu Uchumi, aya ya 31, na kifungo chake kinaanzia miaka 20 na kuishia 30. Watu husikia "uhujumu uchumi" wakafikiria makontena bandarini na wakubwa waliokula fedha za umma. Nimewaona wazee wa vijijini wakisomewa shitaka hilo kwa gobore la babu. Sisemi polisi watamfunga mjane kesho asubuhi. Akienda mwenyewe kusalimisha, mlango upo, na Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha, kama ile miezi ya Septemba na Oktoba 2022 na tena 2023. Shida itakuja siku bunduki hiyo itakapoibwa kutoka uvunguni na kuokotwa kwenye tukio la ujambazi Boma Ng'ombe. Namba iliyopigwa kwenye chuma itawaleta polisi moja kwa moja hadi kitandani kwa mama.

Sasa tuje kwa kaka.

Anachokisema kina chembe ya ukweli, na ndiyo maana hakifi. Sheria yetu ya Kanuni za Adhabu, vifungu vya 18 hadi 18C, inampa mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake, na kulinda mali, iwe yake au aliyokabidhiwa kuitunza. Wengi husoma hapo wakafunga kitabu. Kifungu cha 18B kinasema nguvu utakayotumia iwe ya kadiri na ya lazima kwa ulinzi huo, na ukizidisha unawajibika kwa kile ulichozidisha. Ukiua kwa kuzidisha nguvu, hilo ni kosa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Na upande wa mashitaka ukiona hukuwa unajilinda hata kidogo, ulikuwa unalipiza, shitaka linakuwa mauaji kamili, na huko adhabu ni kunyongwa.

Kifungu cha 18C ndicho kinachosema lini unaweza kufika hadi kuua. Kwa mwili wa mtu, ni pale unapokuwa na sababu ya kuhofia kuuawa au kuumizwa vibaya, au unapozuia ubakaji, au mtu anatekwa. Kwa mali, kinataja makosa mazito kama unyang'anyi wa nguvu, kuvunja nyumba usiku na kuchoma moto, na kinataka uamini kwa dhati, kwa sababu za msingi, kwamba kitendo chako ni cha lazima. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Wizi wenyewe hautoshi. Mtu aliyeingia kihambani saa nane usiku, akafungua zizi, anaondoka na mbuzi begani, ni mwizi, mkamateni, sheria inawaruhusu raia kumkamata na kumpeleka polisi. Kumpiga risasi kwa ajili ya mbuzi ni jambo jingine. Mtu huyohuyo akiwa na panga, anavunja mlango wa chumba alicholala mama, hapo tumeingia kwenye 18C, na mimi nikiwa wakili wako nitasimama nikiwa na raha.

Mpaka huo unaweza kuvukwa ndani ya dakika moja, na wateja wangu wengi wameuvukia hapo. Mmoja, nisiyemtaja, mkulima, aliamshwa na kelele, akatoka na bunduki yake iliyo halali kabisa. Watu watatu walikuwa wanavunja stoo. Alipopiga kelele mmoja alimrukia na nondo. Mpaka hapo angetoka huru. Lakini walipokimbia naye aliwafuata. Nilikwenda pale mwenyewe na futi ya fundi, nikapima kutoka mlango wa stoo hadi kwenye mgomba wenye damu: hatua ishirini na kitu, kuteremka, upande wa mfereji. Daktari alikuwa ameandika kwamba marisau, zile chembe ndogondogo za risasi ya shotigani, yaliingia mgongoni. Neno hilo moja, mgongoni, lilinishinda kwa miezi. Unaweza kueleza giza, hofu, usingizi, pombe ya wezi. Mgongo unabaki mgongo. Tulimaliza kwa kukiri kuua bila kukusudia.

Kuna kesi ya Uingereza ambayo ningependa kaka yako aijue, kwa sababu inafanana na nyumba yenu kuliko anavyodhani. Agosti 1999 mkulima Tony Martin, aliyeishi peke yake huko Norfolk na alikuwa ameshaibiwa mara nyingi, aliwafyatulia shotigani wezi wawili walioingia nyumbani kwake usiku. Mmoja, wa miaka 16, alikufa kwa jeraha la mgongoni. Bunduki yenyewe hakuwa na kibali nayo. Mwaka 2000 alitiwa hatiani kwa mauaji, nchi nzima ikagawanyika, na 2001 mahakama ya rufaa ikashusha kosa kuwa kuua bila kukusudia kwa sababu ya hali yake ya akili, si kwa sababu alikuwa anajilinda. Bunduki isiyo na kibali, mzee peke yake shambani, kijana mgongoni. Ukiitafsiri kesi ile kwa Kichagga, haibadiliki sana.

Na lile la kumvuta ndani. Mdogo wangu, ushauri huu umewafunga watu waliokuwa hawana kosa. Damu inaacha mstari. Udongo wa Kibosho unashika alama ya kisigino. Maganda ya risasi huangukia ulipofyatua au ulipofungua mtutu, na mwili uliokufa chali halafu ukageuzwa, daktari huona. Mtu aliyejilinda kihalali nje ya nyumba yake bado amejilinda kihalali. Akiuburuta mwili, amejitengenezea ushahidi kwamba yeye mwenyewe alijua amekosea. Wapelelezi wanalijua hilo kuliko sala za asubuhi. Likitokea la kutokea, usiguse kitu, weka silaha chini, piga simu polisi, mwite mwenyekiti na jirani, na maelezo marefu subiri uyatoe ukiwa na wakili. Ndugu yake na ushauri huo ni ule wa "piga juu kwanza, halafu miguu". Risasi ya juu hairudi kwako kama leseni ya kupiga ya pili. Jaji atauliza hatari ilikuwa wapi wakati wa risasi iliyoua, na kama ulipata nafasi ya kupiga juu, wakili wa Serikali atauliza kwa nini hukupata nafasi ya kufunga mlango.

Shemeji naye nisimwonee, kwa sababu wapenzi wa silaha wa aina yake mara nyingi wana adabu na bunduki kuliko sisi tunaowacheka. Ni kweli Marekani ina Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya 1791. Lakini aangalie tarehe za kesi. Mahakama yao ya Juu ilitamka wazi kwamba ni haki ya mtu binafsi kuwa na bunduki nyumbani kwa ajili ya kujilinda mwaka 2008, kwenye kesi ya Heller, na haki ya kuibeba nje ya nyumba ikaja na kesi ya Bruen mwaka 2022. Hata huko, kuwa na bunduki ni kitu kimoja na kumpiga mtu ni kitu kingine. Sheria ya Florida ya 2005 wanayoiita ya kusimama ulipo inakuondolea wajibu wa kukimbia kwanza; haikuondolei wajibu wa kuwa na hofu ya kweli ya kufa au kuumizwa vibaya. Jimbo linalomkaribia kaka yako ni Texas, ambako sheria, kwa masharti yake, inaruhusu nguvu ya kuua kuzuia hata wizi wa usiku. Basi kaka ahamie Texas na mbuzi wake. Sisi hapa Katiba yetu haitaji bunduki popote. Ibara ya 14 inasema mtu ana haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Kutoka kwa jamii. Nitalirudia hili kwa mama.

Kuna ubishi mwingine ambao haukuuandika ila najua mliufanya: bastola au shotigani, ikae na risasi au ikae tupu. Wanaopenda shotigani husema marisau hayaendi mbali na yanatawanyika. Yanatawanyika, lakini si kama watu wanavyofikiri. Ndani ya chumba yanakwenda kama ngumi moja, na hata mita kumi duara lake halizidi sana sahani ya wali. Lazima ulenge. Bastola ya milimita 9 nayo haisimami kwenye bati wala ubao, na nyumba nyingi za mitaa kama Pasua au Kwa Mrombo kilichopo kati ya mwizi wako na mtoto wa jirani ni hicho tu. Hii ya baba yako sasa hivi isimkaribie mtu. Risasi za zamani zilizolala kwenye unyevu wa mlimani huvimba, nyingine hukataa, na mbaya zaidi ni ile inayokataa kwa sekunde kadhaa halafu inalipuka wakati mtu ameshaanza kuukunja mtutu aone kuna nini. Nimeshaona pia mtutu ambao nyigu walikuwa wamejenga udongo ndani. Ukifyatua hapo, chuma kinapasuka usoni kwako na mwizi anaondoka mzima.

Na kosa kubwa kuliko yote ni kutojua unampiga nani. Tarehe 14 Februari 2013 huko Pretoria, Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, akisema alidhani ni mwizi. Alikuwemo mchumba wake, Reeva Steenkamp. Wengi wanaikumbuka kesi hiyo kama habari ya wivu au uongo. Somo lake la kisheria liko kwenye rufaa ya Desemba 2015: majaji walisema haijalishi alidhani ni nani. Kufyatua mara nne kwenye choo kidogo namna ile, ukijua kuna mtu ndani, ni kukubali kwamba utamuua huyo mtu, awe mchumba au mwizi. Wakambadilishia kosa kutoka kuua bila kukusudia kwenda mauaji.

Mimi mwenyewe nilikuwa na bastola miaka kumi na moja, yenye leseni, ndani ya sefu iliyofungwa kwa nati ukutani. Niliipeleka kwenye uhakiki wa silaha wa 2016 kama raia mwema. Usiku mmoja mbwa wakabweka, nikaona kivuli kinashuka ukuta wa nyuma. Nikafungua sefu, nikaweka magazini, nikasimama gizani dirishani kwa jikoni. Kivuli kikaja mpaka kwenye karo, kikainama. Seifti, kile kizuizi cha kufyatua, nilishaishusha, kidole nacho hakikuwa pale kilipotakiwa kuwa. Kivuli kikakohoa. Ni kikohozi cha ukoo wetu, hata marehemu babu alikuwa nacho. Mtoto wa dada yangu alikuwa ametoka kwenye harusi Usa River, simu imekufa chaji, hakutaka kugonga geti akatuamsha. Alikuwa ananawa miguu asichafue nyumba. Hakujua kitu, na mpaka leo hajui. Wiki iliyofuata nilienda kituoni nikairudisha ile bastola pamoja na leseni. Sikuambii nawe ufanye hivyo; wapo watu wenye sababu nzito, wauza madini wanaosafiri na fedha kutoka Mirerani, wafugaji wa pembeni mwa hifadhi. Baada ya mfanyabiashara mmoja wa tanzanite kumiminiwa risasi za SMG, bunduki ya rashasha, pale Mjohoroni, Hai, Agosti 2013, sikuweza kumcheka mtu aliyeomba bastola. Ingawa mbele ya SMG ya watu waliokuvizia, sijui bastola ya kiunoni ingesaidia nini.

Turudi kwa mama, maana hapa ndipo ubishi wenu wote wa Desemba unapoanguka. Tuseme unaomba leseni. Utaanzia serikali ya kijiji, utapita kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kamati ya ulinzi na usalama, mkoa, hadi kwa mrajisi wa silaha. Utachukuliwa alama za vidole, utaulizwa sababu, utaulizwa utaihifadhi wapi. Tuseme umepata. Silaha inamfuata mwenye leseni, nawe unaishi Arusha. Huwezi kuiacha Kibosho ikamlinda mama, kwa sababu ukiiacha umeiacha mikononi mwa mtu asiye na leseni na tumerudi palepale tulipoanza. Labda aombe mama mwenyewe, ajifunze kuibeba, kuilenga, kuisafisha. Muulize kama anataka. Nadhani anachotaka ni kutolala peke yake na woga, na kitu cha mume wake kisiondoke haraka hivyo. Hilo la pili mimi siwezi kulijibu kisheria.

La kwanza linawezekana. Wezi waliokwenda kwa jirani walifuata mbuzi, na walifuata zizi lililo mbali na nyumba. Wazee wetu wa mlimani walilala na mifugo ndani ya nyumba ileile. Hukuweza kuiba mbuzi bila kumkanyaga mwenyewe. Sisemi mama arudi kulala na mbuzi, ila zizi lisogee liwe nyuma ya ukuta wa chumba chake, na taa ya sola inayowaka mtu akipita iwekwe juu yake. Mlango wa chumba uwe na komeo la chuma la ndani, atakaloweza kulifunga yeye mwenyewe akiwa nusu usingizini. Mbwa wawili wabwekaji. Ukali si lazima. Namba za majirani watano ziwe kwenye simu yake ya kitochi kwa kubonyeza kitufe kimoja, na filimbi shingoni. Yowe likipigwa Kibosho saa nane usiku bado watu wanatoka, na kazi yenu ninyi vijana ni kuhakikisha wakitoka hawamchomi mtu moto. Hifadhi kutoka kwa jamii, ndiyo hiyo.

Shotigani ishughulikieni wiki hii. Usiibebe kwenye bodaboda wala usiiviringishe kwenye mkeka upande nayo daladala. Nenda kwanza kituo cha polisi mikono mitupu, na cheti cha kifo na kile kitabu, ueleze, uombe wao waje kuichukua au wakuelekeze kwa maandishi jinsi ya kuileta. Mwenyekiti wa kijiji awepo. Usijaribu kuifungua kuangalia kama ina kitu ndani. Acha afanye askari anayejua, mtutu ukielekea kwenye udongo wa migomba na watoto wakiwa mbali. Namba ya silaha iandike kwenye daftari lako kabla haijaondoka. Risasi zihesabiwe mbele ya mashahidi, zote tisa, na mkabidhiwe hati iliyosainiwa inayosema hivyo. Zikiwa nane tu, jueni leo iliko ya tisa, na muulizeni kaka kwanza.